Kondoo wa Kwetu Hakuwepo

Juzi niliona kondoo wa Idi amefungwa mlangoni kwa jirani, na harufu ya manyoya yake ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utoto wangu hapa Kindu.

Mtaa wetu ulikuwa wa Waislamu. Baba, aliyejifunza kusoma pwani, alikuwa Mkristo pekee mtaani. Alitusomea jinsi Ibrahimu alivyomfunga mwanawe amtoe sadaka. Alipofika kwenye kisu akafunga kitabu, akachukua kamba ya kufungia kuni. Nje kondoo wa majirani walikuwa wakilia. Sisi hatukuwa na kondoo. Nilimbeba mdogo wangu, nikajificha naye nyuma ya ghala la mpunga.

Baba alitukuta. "Unakimbiza mutoto wapi?"

"Kondoo yetu haiko, Baba. Usimutoe yeye."

Hakucheka. Aliketi juu ya makapi. "Mungu alituma malaika, akamuzuia Ibrahimu. Alitaka imani yake, hakutaka mutoto." Kisha akasema taratibu, "Mimi njo nilitolewa, mimi mwenyewe. Watu wa bunduki walikuja, wazee wakanitoa kwao, nikapelekwa pwani utumwani, ili kijiji kisichomwe. Hakuna aliyewazuia wazee."

Sasa nami nasoma kisa hicho. Nikifika pale malaika anapoita, huliita jina la Ibrahimu kwa sauti kubwa, kana kwamba wazee wale wangali karibu, na bado wanaweza kuzuiwa.