Shikamoo, Sitaki

Nilichaguliwa kuwa mwalimu wa ulinzi wa watoto nikiwa chooni. Kikao cha walimu kilikuwa kimefika ajenda ya mwisho, kila mtu ana njaa, na mwalimu mkuu akauliza nani atajitolea. Wenzangu wakatazama dari. Niliporudi, mikono bado inachuruzika maji, nikapigiwa makofi. Nilidhani wananipongeza kwa kunawa.

"Wewe unafaa," mwalimu mkuu akaniambia. "Una mdomo."

Kwa muda wote tuliofanya kazi pamoja hapa shuleni Mabawa, hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata kwake, na sidhani kama aliikusudia iwe sifa.

Kabla yangu, ulinzi wa watoto ulikuwa sanduku la maoni lililotundikwa juu ya mlango wa ofisi yake, juu kiasi kwamba mtoto wa darasa la pili angehitaji ngazi kulifikia. Nilipolifungua nilikuta ganda la pipi na mjusi aliyekauka. Labda naye alikuwa na malalamiko.

Mimi nilifundisha darasa la pili, basi nikaanzia hapo. Niliwaambia mwili wako ni wako. Mtu akikushika usivyopenda, hata kama anacheka, hata kama ni mkubwa, hata kama ni mimi, sema "Sitaki," kisha nenda kamwambie mtu unayemwamini. Tukachora ubaoni mtoto wa kike na wa kiume, tukaonyesha sehemu ambazo hazishikwi. Halafu tukafanya mazoezi. Mimi najifanya mgeni mwenye vidole visivyotulia, wao wananikatalia. Mwanzoni walinong'ona kama wanaoomba radhi. Baadaye kelele zikafika hadi kwa mama muuza maandazi nje ya geti, akatuma mtu aulize nani anapigwa.

Hasara zake zilikuwapo. Hesabu, sitaki. Kufagia, sitaki. Ikabidi nieleze upya kwamba somo lile halihusu jedwali la kuzidisha.

Mwenyekiti wa kamati ya shule yetu alikuwa mzee wa Kiarabu, mwenye minazi yake huko Tongoni, kanzu nyeupe, manukato yanayomtangulia mlangoni. Mkarimu kwelikweli. Vyoo vya shule alivijenga yeye. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: mashavu ya watoto. Akiingia darasani watoto husimama, "Shikamoo babu," naye hupita dawati hadi dawati akiyabana na kuyavuta kama anachagua maembe sokoni. Wengine walitokwa machozi. Sisi watu wazima tulicheka, tukasema ndivyo babu alivyo.

Asubuhi moja alikuja na boksi la tende, mwalimu mkuu nyuma yake. Dawati la mbele alikaa binti mdogo kuliko wote darasani, mtoto wa mama anayekaanga samaki sokoni. Mzee akanyoosha vidole. Binti akafunika mashavu kwa viganja vyote viwili.

"Shikamoo babu. Sitaki."

"Marahaba. Hutaki nini, mjukuu wangu? Tende?"

"Tende nataka. Mashavu sitaki."

Hapo darasa zima, kwa kuwa nimelifundisha vizuri mno, likafunika mashavu na kupiga kelele: "Sitaki!"

Mzee alibaki na tende moja mkononi. "Haya," akasema, akaliweka boksi mezani kwangu, akatoka bila kuaga.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini. "Umetuharibia! Unajua nani alijenga vile vyoo?"

"Najua," nikamjibu. "Nilikuwa ndani yake mliponichagua."

Kikaitishwa kikao cha wazazi. Baba mmoja alilalamika kwamba mwanawe amemkatalia shangazi yake busu mbele ya wageni. Mwingine akasema tunalea watoto wasio na adabu. Ndipo mama yake yule binti akasimama, bado kavaa aproni, harufu ya samaki imejaa chumba.

"Mwanangu kaamkia. Kaomba tende. Kasema hataki kubanwa. Nionyesheni hapo adabu iliyopungua."

Watu wote wakamgeukia mzee. Alikaa akiizungusha bakora yake.

"Mimi nilidhani wanapenda," akasema. "Mbona mlikuwa mnacheka?"

"Tulikuwa tunacheka sisi, mzee wangu," nikamwambia. "Wao hawakucheka."

"Sasa nifanyeje?"

"Nyoosha mkono. Anayetaka atakupa wake."

Alinung'unika kwamba dunia imeharibika, lakini somo hakulikataza. Alipokuja tena alinyoosha mkono kama mtu anayepima joto la maji. Wengine walimpa, wengine walichukua tende tu na kwenda zao. Alivumilia.

Baada ya wiki kadhaa, wakati wa mapumziko, binti yule hakutoka na wenzake. Alikuja mezani kwangu.

"Mwalimu, sitaki ni hata kwa bodaboda?"

"Hata kwa bodaboda."

"Nilimwambia. Akacheka."

Nikaweka chaki chini, nikakaa kwenye benchi lao ili nisimzidi urefu. Kwao kulikuwa Pongwe, mbali na shule. Mama yake huenda sokoni alfajiri, basi alipatana na kijana wa bodaboda awe anamleta mtoto shuleni. Binti akanieleza kwa maneno yake, polepole, kwamba kijana yule humpakia mbele kwenye tangi ingawa nyuma hakuna mtu, na humshika pale tulipochora ubaoni. Kijana alimtisha kwamba akimwambia mtu, atamwacha porini.

"Hujakosa kitu," nikamwambia. "Umefanya vizuri kuniambia. Hatakubeba tena."

"Naweza kwenda kucheza?"

Nikamruhusu. 

Nilimpigia mama yake, kisha nikaenda kwa mwalimu mkuu. Alisikiliza, akafuta uso. "Tumwite kijana kwanza, tumkanye. Haya mambo huwa yanamalizwa ndani ya familia."

"Utaenda nasi polisi, au tutaenda bila wewe. Ulisema nina mdomo. Sasa utausikia."

Akachukua funguo za gari lake. "Nitawapeleka mimi," akasema, na tangu siku hiyo nimepunguza kumsema vibaya, ingawa si sana.

Kituoni, askari wa mapokezi alitaka mtoto aeleze palepale, mbele ya watu waliokuja kulalamikia mbuzi. Nikasema hasemi neno mpaka tupewe chumba. Mbuzi wakasahaulika, watu wakaanza kunitazama mimi. Mwishowe alitoka askari mwanamke wa dawati la jinsia na watoto, akatuingiza ndani, akamkalisha mtoto karibu na mama yake, akamuuliza kwa upole kama anayeuliza habari za nyumbani. Kutoka hapo tukapelekwa hospitali mtoto akapimwe, na mama hakulia mpaka tulipotoka huko. Hapo alilia kwa sauti, na binti akampa kanga yake mwenyewe ajifute.

Kijana alikamatwa kesho yake, palepale alipozoea kumsubiri mtoto. Alikana kila kitu. Lakini habari ziliposambaa, akina mama wengine wawili wakajitokeza na watoto wao. Kesi ilikwenda kwa mwendo wa konokono mwenye homa, ila ilifika. Alifungwa.

Mzee mwenyekiti alinipigia simu.

"Ni yule aliyenikatalia mimi?"

"Ndiye, mzee."

"Basi bora alianza na mimi," akasema.

Madereva wa bodaboda wa kijiwe cha karibu walikasirika kwamba sasa wanatazamwa wote kama wahalifu. Kiongozi wao akaniomba niende nikazungumze nao. Nilienda. Walikaa juu ya pikipiki zao wakitafuna miwa, tukabishana juani mpaka koo likanikauka: mtoto asipakiwe mbele, mzazi ajue dereva ni nani na anakaa wapi. Wakakubali kwa manung'uniko. Kijana mmoja akauliza kama na yeye anaruhusiwa kusema sitaki kwa abiria wanaomkumbatia kiuno kama wanazama.

"Sema," nikamwambia. "Ila mshushe kwanza."

Binti na mama yake walihamia kwa shangazi wa mtoto hapa hapa Mabawa. Siku hizi anakuja shule kwa miguu, anachelewa karibu kila siku, na akiulizwa sababu hutoa maelezo marefu kuhusu paka wa jirani.