Taifa Lililoazima Suruali

Hivi unajua suti uliyompelekea dobi mwezi uliopita ilihudhuria harusi ya nani?

Hujui. Uliipokea imenyooka, inanukia sabuni, ukasema asante. Lakini kama dobi wako alikuwa shangazi yangu, basi Jumamosi ile suti yako ilisimama mbele ya watu, ikapigwa picha, ikacheza mpaka ikatota jasho, ikarudi kwake Jumapili, na Jumatatu ukaikuta kwenye hanga kama kitu kisichojua lolote. Nusu ya mabwana harusi wa mtaa wetu wameoa ndani ya nguo za watu wasiowajua. Shangazi haoni kosa.

"Nguo imening'inia bure na mtu hana cha kuvaa," huniambia. "Sasa hapo mwizi ni nani?"

Mimi ni mjamaa, kwa hiyo namuunga mkono. Ila mashati yangu nafua mwenyewe.

Shangazi ni mjane, mfupi, mwenye mikono ya mwanamieleka. Amelea watoto watatu kwa pasi ya makaa barazani kwake. Kwa hiyo michezo ya kimataifa ilipoletwa mjini kwetu, naye akaajiriwa kupiga pasi katika kijiji cha wanamichezo, mtaa mzima ulijua. Ilikuwa ajira yake ya kwanza yenye mkataba. Tena waliahidiwa kwamba atakayemaliza michezo bila lalamiko hata moja atachukuliwa na hoteli moja kubwa, kazi ya kudumu, na bima ya matibabu juu yake. Shangazi alikuwa ameshachagua hata jino la kwenda kung'oa.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jiko: mashine zinanguruma upande mmoja, meza tatu za kupigia pasi upande mwingine, na katikati reli ndefu za nguo zenye vibandiko vya mataifa. Msimamizi wetu alikuwa bwana wa tai. Mvuke ulijaa mle mpaka kuta zikatoa jasho, yeye tai haivui.

"Mama, nimesikia habari zako za mtaani," alimwambia shangazi siku ya kwanza. "Hapa hakuna harusi. Ikitoka hata soksi moja, unarudi kwenye makaa yako."

"Soksi nani ataoa nayo?" shangazi akajibu.

Mimi nilikuwa mfasiri wa kujitolea kwenye kaunta. Kujitolea maana yake unapewa kofia na chakula cha mchana, na waliokupa kofia wanalipwa posho. Wakubwa hao walitulazimisha kukariri mambo ya kufurahisha kuhusu mataifa washiriki ili tuchangamshe wageni, nami nilikuwa nayakariri kwa sauti huku shangazi anapiga pasi. Alipenda kusikia kwamba bendera ya Paraguay ina nembo tofauti mbele na nyuma. ("Kama koti la kugeuza!") Alimwonea huruma atakayeinyoosha bendera ya Nepal, ambayo haina pembe nne kama za wenzake. Na niliposema wimbo wa taifa wa Hispania hauna maneno rasmi, aliweka pasi chini kabisa.

"Hao ndio wenye akili. Unasimama, unafunga mdomo, unarudi nyumbani. Hakuna kudanganyana."

Siku ya ufunguzi, mchana, akaja mtu mmoja kwenye kaunta. Alikuwa mkimbiaji, mwembamba kama kamba ya viatu, amevaa fulana ya mbio na kaptura. Alitoka nchi ambayo siitaji, balozi wao asije akanitafuta. Ni nchi ndogo sana, na msafara wake mzima ulikuwa yeye. Kocha wake alibaki kwa kukosa nauli. Viatu na fulana ya mbio alivibeba mkononi, kama wakimbiaji wote wenye akili, lakini sare ya gwaride ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa kwenye ndege nyingine, limeenda kutalii.

Alizungumza Kifaransa cha kwao, mimi nikafasiri kwa Kifaransa changu cha chuoni. Alitaka kujua kama tuna nguo zilizosahauliwa.

Msimamizi akadakia kabla sijamaliza. "Kamati imeshasema. Asiye na sare hapiti. Taifa lake litarukwa."

"Litarukwa?" nikauliza. "Taifa zima?"

"Taifa zima ni huyo mmoja, kijana. Nani ataona?"

Nilimfasiria mkimbiaji. Hakubisha. Alisema tu kwamba mama yake ametoa televisheni nje ya nyumba na jirani wote wamekuja na viti vyao. Mimi nikaanza kuhutubia kuhusu usawa wa mataifa. Msimamizi akatazama saa, akaenda zake uwanjani, maana alikuwa na tiketi ya jukwaa la wageni.

Shangazi akampima mkimbiaji kwa macho kuanzia viatu hadi kichwani.

"Hebu nirudie ile habari ya wale waliokutana wamevaa sare," akasema.

"Haiti na Liechtenstein? Ni bendera, shangazi. Mwaka 1936 walifika Olimpiki, wakagundua bendera zao zinafanana. Mwaka uliofuata Liechtenstein wakaongeza taji kwenye yao."

"Na huyu bendera yake rangi gani?"

"Bluu na njano."

Akatazama reli. Nami nikatazama. Pale ilining'inia sare ya gwaride ya nchi moja kubwa, bluu yenye mistari ya njano, mali ya mrusha kisahani wao. Alikuwa ameamua kulala mapema kwa sababu ana mashindano kesho yake.

"Shangazi, la. Hoteli je? Jino je?"

"Jino linauma mwaka wa tatu sasa, limenizoea. Mwambie avue viatu."

Akafumua nembo ya kifuani kwa wembe. Mahali pake akashona bendera ndogo iliyokuwa kwenye mkoba wa mkimbiaji. Suruali ya mrusha kisahani ingeweza kumbeba mkimbiaji pamoja na kocha wake aliyebaki. Shangazi akaikunja kiunoni, akaibana kwa pini, akaipindua miguuni. Wapiga pasi wenzake wawili walisimama mlangoni kuzuia watu, huku wakicheka mpaka wanashikana.

Jioni tuliangalia gwaride kwenye televisheni ya pale jikoni. Mataifa makubwa yalipita kwa mafungu, na mtangazaji akayasomea sifa ndefu. Kisha akatokea mtu mmoja, bendera mkononi, upepo umejaa ndani ya koti lake kama hema. Mtangazaji alikuwa na jambo moja tu la kusema kuhusu nchi yake, kwamba ni ndogo, akalirudia kwa lugha tatu. Uwanja ukalipuka kwa shangwe.

"Kola imekaa!" shangazi akapiga kelele. "Umeiona kola?"

Aliyeiona zaidi alikuwa mkuu wa msafara wa nchi kubwa. Kamera ilimpitia jukwaani, amesimama, ananyoosha kidole.

Asubuhi yake nilimkuta mkuu huyo kwenye kaunta, pembeni yake mrusha kisahani na msimamizi. Sare ilikuwa imeshafuliwa, imenyooka, nembo imerudi kifuani. Mkuu aliigusa kwa kidole na kuuliza nani amefanya hivi.

"Mimi," shangazi akasema. Hakungoja nifasiri swali.

Msimamizi akamvua kitambulisho pale pale, akamsindikiza hadi langoni. Nilipofoka, alinitazama kwa huruma. "Wewe hata hulipwi. Nikikufukuza utapoteza nini?"

Haikupita saa, mkimbiaji akaja mbio na sanduku, limefika alfajiri. Sare yake ilikuwa na makunyanzi kama karatasi iliyokunjwakunjwa, na asubuhi ile ile ilibidi aivae, maana bendera yake ilikuwa ipandishwe uani pa kijiji. Akamuuliza mama yuko wapi. Nikamwambia yote. Akageuka, akakimbia kuelekea langoni.

Kila taifa, liwe na watu mia saba au mmoja, lilikuwa na haki ya kuingiza mgeni wake. Alirudi ameshikana mkono na shangazi, na shingoni mwa shangazi kuna kadi ya mgeni wa taifa. Shangazi akaja upande wa wateja, akatandaza koti la mkimbiaji juu ya kaunta.

"Lipigwe pasi," akamwambia msimamizi. "Na asiazimwe mtu."

Msimamizi akageuka kutafuta mpiga pasi. Wale wawili waliobaki walikuwa wameweka pasi chini, wamekumbuka ghafla kwamba hawajanywa chai, na tayari walikuwa wanavuka uani. Mrusha kisahani, ambaye hakuwa ameondoka, alikuwa amejifunika uso kwa taulo, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Basi bwana wa tai akachomeka waya, akaishika pasi kwa mikono miwili, mvuke ukampanda usoni.

"Kola kwanza, baba," shangazi akasema. "Kola kwanza."