Moyo Niliojifunza Nikichuma Pamba

Nilifeli Biolojia mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimesoma. Naliweka hilo mbele kabisa kwa sababu shemeji yangu mmoja alipenda kusema eti nilikuwa naenda kwenye mtihani kupunga upepo. Masomo mengine ya kidato cha nne nilikuwa nayo. Bila Biolojia chuo cha uuguzi kisingenipokea, na mimi, mfagizi wa zahanati mwenye miaka thelathini na sita, nilikuwa nimechoka kupiga deki huku nikiwapisha wauguzi ambao nilitaka kuwa mmoja wao. Nikajiapiza kwamba najiandikisha mara ya tatu, na nikifeli sirudii tena.

Muda wa kukaa mezani kusoma sikuwa nao. Msimu ule pamba yetu kijijini Kasoli ilipasuka yote kwa mpigo, na mama mkwe wangu si mtu wa kumwambia una shughuli nyingine. Basi masomo nikayahamishia shambani. Nasoma ukurasa mmoja, daftari naliacha mwanzo wa mstari limekandamizwa na jiwe, kisha nachuma huku nikiyasema kwa sauti yale niliyosoma mpaka nitokee upande wa pili. Mstari uliopita kando ya kichuguu ulikuwa wa figo. Mistari ya katikati, ile mirefu, ilikuwa ya moyo.

Mchuma pamba lazima atenge. Pamba nyeupe tunaiita safi, na hiyo huenda kwenye mfuko mkubwa wa khanga uliofungwa kiunoni, mbele. Ile chafu yenye madoa ni fafi, nayo ina kifuko chake ubavuni kushoto. Nikaona niitumie mikono ambayo tayari ilijua kazi. Nikitaja mshipa wa damu safi, natia safi. Nikitaja wa damu chafu, natia fafi. Ateri hutoa damu moyoni, na damu hiyo ni safi. Vena huirudisha ikiwa chafu. Nilikwenda vizuri mpaka nilipoifikia ateri ya mapafu, ambayo ni kaidi kuliko mbuzi: ni ateri, lakini imebeba damu chafu. Mkono ukachanganyikiwa, nikatia fafi kwenye safi. Mama mkwe, aliyekuwa mstari wa jirani, alinichapa kofi mkononi hapo hapo.

"Ng'wana wane, mwanangu, unaichafua pamba! Kichwa chako kiko wapi?"

"Kiko kwenye moyo, mayu," nikamjibu, yaani mama kwa Kisukuma chetu.

"Moyo wa nani?"

Nikamweleza. Mama yule hajawahi kukaa darasani hata siku moja, lakini alisikiliza mpaka mwisho wa mstari, na kuanzia kesho yake yeye ndiye akawa ananiuliza. "Haya, leo damu imefika wapi?" Nikiruka chumba kimoja cha moyo, ananirudisha. Mpaka mavuno yanaisha alikuwa anaitaja vena kava, ile vena kubwa kuliko zote, kama mtu anayemtaja jirani yake.

Mtihani ulikuja Novemba. Mabua ya pamba yalikuwa yameshang'olewa na kuchomwa, na shamba lilikuwa tupu. Niliketi kwenye dawati la sekondari moja mjini Bariadi, nikafungua karatasi, nikaliona swali: eleza safari ya damu kupitia moyo. Swali langu lenyewe! Nikashika kalamu, na majibu yote yakaingia mitini.

Chumba kilinukia chaki na sakafu iliyomwagiwa maji, harufu ile ile ya mara mbili zilizopita, na harufu hiyo ilinikumbusha jambo moja tu, kufeli. Sasa najua kwamba sikuwa nimesahau. Yote yalikuwemo kichwani, ila kila kilichokuwa kikiyaita kilikuwa kimebaki Kasoli. Siku ile sikujua hayo. Nikawa nanyofoanyofoa upindo wa sketi yangu chini ya dawati kwa woga.

Nilinyofoa mara moja, ikaja vena kava. Nikanyofoa tena, kikaja chumba cha juu cha kulia. Nikaanza kuchuma kwa kasi.

"Mama, mikono juu ya meza!"

Msimamizi alikuwa amesimama kichwani pangu. Alimwita mwenzake wa kike, nikapekuliwa mpaka kwenye upindo. Hawakukuta kitu.

"Ulikuwa unafanya nini huko chini?"

"Nilikuwa nachuma pamba."

Chumba kizima kilicheka, nao ni watoto ambao ningeweza kuwazaa. Msimamizi akasema nikishusha mikono tena ananitoa nje. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Niliiinua mikono yote miwili juu ya dawati, mbele ya macho yao, nikachuma hewa. Safi nikaileta kifuani, fafi nikaipeleka kushoto. Nachuma, naandika. Vicheko vilikolea, kisha vikachoka vyenyewe. Nilipofika kwenye ateri ya mapafu mkono ulisita, na nililisikia kofi la mama mkwe kwenye ngozi. Damu chafu! Nikaandika. Kiingereza changu kilichechemea, lakini damu haikupotea njia. Swali la figo nalo nililichuma lote.

Matokeo yalitoka Januari. Niliyatazama kwenye simu mara tatu: Biolojia, B. Nilikimbia mpaka shambani, mama mkwe akiwa anapalilia, nikampigia kelele kabla sijafika. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakaacha majembe yao. Kisha akaegemea jembe lake.

"Chuo kinaanza lini?"

"Machi, mayu."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu."

Akatazama mistari yake mpaka mwisho wa shamba. "Misimu mitatu nitachuma peke yangu."

Nikaanza kujitetea, kwamba likizo nitakuja, kwamba tutatafuta vibarua. Akanikata kauli kwa mkono.

"Nani amekuuliza habari za vibarua?"

Akamgeukia jirani wa kwanza aliyefika anahema kuuliza kuna nini, akajishika kiuno, akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mwanafunzi wangu amefaulu."