Taa za Mwezi Mpevu na Likizo Yangu

Mie si mtu wa kuomba mara mbili, lakini likizo ile niliiomba mpaka ulimi ukaota sugu. Nilitoka Mombasa kwenda Dubai kufanya kazi za nyumbani, nikamwacha binti yangu kwa mamangu, hajui hata kujifunga kamba za viatu. Mkataba ulisema nikitimiza miaka miwili niende likizo. Miwili ikaisha, wa tatu ukaanza, na kila nikimkumbusha madam, jibu ni lile lile: "Inshallah, mwezi ujao." Na madam wala si Mwislamu, ni Mvietnamu! Neno hilo aliliokota huko huko Dubai, akajifunza kulitumia kama maarbabu, mabosi wengine wa huko, yaani jambo haliwi.

Tulikaa mtaa wa Silicon Oasis. Yeye na mumewe walifanya kazi za kompyuta, wanatoka asubuhi na kurudi mtoto wao wa kike kesha kula na kuoga. Nilimvisha, nikamsuka, nikambembeleza akiugua. Nikimaliza naingia chumbani nampigia wangu, naambiwa yuko nje anacheza. Siku moja mamangu akamshikisha simu kwa nguvu. Mtoto akaniamkia, "Shikamoo shangazi." Nililia, wallahi, sioni haya kusema. Nilipomaliza kulia nikaapa: mwaka huu narudi, liwe jua, inyeshe mvua.

Ikafika Septemba. Jioni moja madam akarudi mapema, amebeba karatasi nyekundu za nailoni alizonunua Bur Dubai, akaniambia sikukuu ya mwezi imekaribia.

"Nani atautazama?" nikamuuliza. "Au mnangoja tangazo la Saudia?"

Maana kwetu sikukuu haiji mpaka mwezi uandame na watu wagombane kidogo. Madam alicheka mpaka akaegemea friji. Kwao hawagombani, wanangoja mwezi mpevu wa mwezi wao wa nane, na huo hata mwenye chongo anauona.

Watoto hutengenezewa taa za nyota, kiunzi chake cha mianzi. Mianzi Dubai utaipata wapi? Nikalifungua fagio langu la njukuti za mnazi, lile linalouzwa na Wahindi, nikampa. Akakaa sakafuni na nguo zake za ofisini, anafunga njukuti kwa uzi, na nyota yenyewe inatoka kama kaa aliyekanyagwa. Nikanyoosha mkono nimnyooshee.

"Acha," akasema. "Hii lazima niifanye mimi."

Vidole vilikuwa vinamtoka damu. Nikamuuliza, kisa cha kujitesa ni nini? Ndipo akanieleza. Zamani kwao wazazi walishinda kwenye mavuno ya mpunga, watoto wakabaki kujilea. Mavuno yakiisha na mwezi ukijaa, wazazi huwapa watoto siku yao, na kila kitu wanakifanya kwa mikono yao, ndiyo namna yao ya kuwaomba radhi.

"Na mimi mwaka mzima sipo," akasema, bila kuinua uso.

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Siku yenyewe familia za Kivietnamu zilikusanyika kwenye kibustani kati ya magorofa. Joto lilikuwa la kukausha samaki. Tulitandika mikeka, tukaweka sinia kubwa la matunda, na juu yake mbwa aliyetengenezwa kwa vipande vya balungi, macho yake maharage meusi. "Mbwa huyu hata mie namgusa," nikamwambia madam. Palikuwa na keki nzito zilizochapwa maua, ndani zina kiini cha yai la chumvi. Zangu aliniokea mbali, bila mafuta ya nguruwe, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Watoto wakazunguka na taa wakiimba, wetu mbele na nyota yake iliyoinama upande. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa sinia. Mwezi ulipopanda juu ya paa, wakubwa wakatoa ruhusa, watoto wakalivamia, kwa maana desturi ni watoto waivunje karamu na wazazi wale masalio. Yule mtoto akachukua kipande cha keki. Alinipita mimi ambaye amezoea kunijia, akaenda kumlisha mamake. Madam akatafuna huku machozi yanamtoka.

Nikajisemea, ni sasa au basi. Nikaketi kando yake.

"Madam, umesema hii ni siku ya mzazi aliyekuwa shambani."

"Ndiyo."

"Basi shamba langu ni nyumba yako, na nimevuna vya kutosha. Binti yangu ananiita shangazi. Nakwenda nyumbani. Sitaki inshallah, nataka tarehe."

Mumewe akageuka. Madam akanitazama, akajipangusa mdomo.

"Ana umri gani?"

Mwaka wa tatu ule nalala nyumbani kwake, na hakuwahi kuniuliza.

"Sita," nikasema. "Kama huyu."

Madam akamwambia mumewe kitu kwa Kivietnamu, kwa sauti ambayo haikuacha nafasi ya kubishana. Mume akatoa simu kutafuta tiketi. "Mwisho wa mwezi huu," madam akaniambia. "Khalas, imekwisha." Mie sikuondoka pale. Nilimsimamia yule bwana kichwani mpaka nikaona jina langu limeandikwa, herufi kwa herufi.

Kesho yake nikapiga simu Mombasa. Nikamwomba mamangu asimlazimishe mtoto kuongea, amwekee tu simu sikioni.

"Ni mama yako," nikasema. "Nakuja."

Nilisikia anavyopumua.

"Unakuja mwenyewe, au unakuja kwa simu?"

"Mwenyewe, mwanangu."

"Haya," akasema, "tutaona." Akamrudishia bibi yake simu, akaenda zake kucheza.