Tawi Lililokatwa Korongoni

Mwaka jana nilimsindikiza mwanangu chuoni, akanipeleka kwenye chumba wanamohifadhi mimea mikavu. Akavuta karatasi moja ngumu kutoka kabatini. Rafiki yangu, niliisogeza karibu nisome. Juu yake palikuwa na tawi la mcheri wa porini, maua yake meupe yamegeuka rangi ya chai. Chini pameandikwa: korongo, Bashay, Mbulu, mti mrefu, gome chungu. Nilikuwepo siku lilipokatwa.

Enzi hizo asubuhi zetu zilinukia moshi na maziwa ya mgando. Bibi alitukorogea uji wa mtama, kisha mimi na binti wa jirani tukashusha mbuzi korongoni, kwenye mawe makavu, tukipiga kelele ili mwangwi utujibu. Tukiumwa tumbo, bibi alituchemshia gome la mti ule. "Ila msiupande," alituonya. "Tawi lake hukatika bila kukuaga."

Siku moja mwalimu wetu alishuka korongoni na mgeni, mkusanya mimea. Tukawaamkia, shikamoo. Mgeni alitaka maua, nayo yalikuwa juu kabisa. Mwalimu akaninyooshea fimbo.

"Wewe, panda."

"Mwalimu, mguu unaniuma."

Haukuwa unaniuma.

"Basi mwenzako."

Binti wa jirani alinitazama. Tulikuwa tumekimbizana asubuhi nzima. Akafunga sketi yake, akapanda, akatupa tawi la kwanza. Alipolinyooshea mkono la pili, alilokanyaga likakatika. Akaangukia mawe.

Mwalimu alitaka kumkimbilia, lakini mgeni akasema, "Tuyabane maua kwanza, yatanyauka." Mwalimu akamshikia karatasi. Mwenzangu alikuwa akimlilia mama yake, wao wakinyoosha majani.

Nyonga iliunga vibaya, na shule hakurudi tena. Mwanzoni nilimpelekea makande, nikakaa naye uani. Hakunisemea kwa mtu, hata kwa mama yake. Hilo ndilo lililonifanya nianze kumchukia.

Bibi alishazikwa. Mti ulichunwa gome ukafa, na mbuzi wanaoshuka kule sasa siwajui ni wa nani. Hayo nayasimulia bila machozi. Ninachoshindwa kukisimulia ni zile asubuhi nilipopita na watoto wengine kwa yule binti, tukienda shule, naye akiniita kutoka uani kwa jina, mara tatu, mara nne. Wenzangu walisimama wakinitazama.

"Twendeni," niliwaambia. "Akichoka atanyamaza."

Akachoka.