Kipande Alichokitunza Melkiori

Melkiori alihifadhi nyama za wagonjwa kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo hakutupa hata kipande kimoja. Nalitaja hilo mapema kwa sababu pale kazini kwake, mtaa wa Mchafukoge, sasa anasemwa kuwa mzembe.

Maabara aliyofanyia kazi ni ya familia ya Ravindra, ghorofa ya mwisho, chini ya bati. Daktari akikata uvimbe, kipande kililetwa pale katika chupa ya formalini, dawa inayozuia nyama isioze. Melkiori alikigandisha kwenye nta, akakikata vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu ili vitazamwe kwa hadubini. Nta iliyobaki na nyama ndani yake, ndogo kama sabuni ya gesti, aliiandika namba na kuiweka kwenye droo. Formalini aliichanganya mwenyewe kwa maji ya bomba. Chumvi za kupunguza ukali wake zikikosekana, hakuzisubiri. Aliamini kwamba dawa kali ndiyo inayotunza, na kwamba nyama ikilala humo muda mrefu inadumu zaidi.

Alitoka Mahenge pamoja na mume wangu, Ignasi. Walipanga chumba kimoja Kariakoo kabla sijaolewa, na mimi aliniita shemeji tangu siku ya kwanza.

Mwaka 2005 Ignasi alipasuliwa tumbo, akafa siku ya tano. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Baba yake alikufa kwa tumbo, na kaka yake pia, na watu walikwisha kuanza kunong'ona. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari mwenye binti mmoja, Ritha, na sikutaka aitwe mtoto wa ukoo wenye mkosi. Waombolezaji niliwaambia ni vidonda vya tumbo. Kisha nikapanda ngazi hadi maabara, maana ndugu wa mume walikuwa wakipita pale kuulizia majibu.

"Shemeji, kile kipande usikiguse kwanza," nilimwambia Melkiori. "Majibu yasitoke mpaka arobaini ipite, watu warudi kwao."

"Kikae tu kwenye chupa?"

"Kitaharibika?"

Alicheka. "Kwenye dawa yangu? Hata mimi ukiniloweka humo, shemeji, sizeeki."

Kikalala siku arobaini. Majibu yakatoka: saratani ya utumbo mpana. Karatasi niliifungia sandukuni.

Mwaka jana Ritha, ambaye sasa ana miaka thelathini na minne na watoto wawili, aliikuta akitafuta cheti chake cha ubatizo.

"Babu, baba mkubwa, baba," alisema. "Ulikuwa unangoja mimi niwe wa nne?"

Daktari alimweleza kwamba ugonjwa huo huweza kurithiwa. Kosa lililomo kwenye vinasaba vya baba likijulikana, naye atapimwa kosa hilohilo: ama analo, ama hana. Lisipojulikana, hata kipimo chake kikitoka safi hakitamtoa hofu. Waliougua wote walikuwa wameshazikwa. Cha kupimwa kilibaki kile kipande cha Ignasi.

Tulimkuta Melkiori maabara. Alikwisha kustaafu, lakini kila asubuhi alikuja kufuta vumbi kwenye makabati yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona mzee?" Alivuta droo bila kufungua daftari. "Huyu hapa. Hajanenepa, hajakonda. Mimi ndiye niliyebaki mifupa."

Ritha alikishika kiganjani muda mrefu, kisha akakikabidhi kipelekwe kupimwa vinasaba.

Baada ya wiki sita tuliitwa na Daktari Jyotsna, binti wa Ravindra anayeiongoza maabara sasa. Melkiori alisimama mlangoni na kitambaa chake cha vumbi.

"Wamejaribu mara tatu," Jyotsna alisema. "Vinasaba vimekatikakatika. Ni kama gazeti lililochanwa hadi zibaki herufi mbilimbili. Miaka na joto la bati vimechangia, lakini formalini ndiyo iliyovimaliza. Kipande hulala humo siku moja au mbili. Hiki kililala wiki nyingi, tena kwenye dawa isiyo na chumvi. Nani alikiacha?"

"Mimi," Melkiori alijibu.

"Kwa nini, mzee?"

"Nilisahau."

Hakunitazama. Nilikuwa nimekaa hatua mbili tu kutoka aliposimama, na nilinyamaza.

"Baba mdogo," Ritha alisema, "ulimsahau baba?"

Melkiori alimgeukia Jyotsna. "Na hivi vingine, daktari? Vya kwenye droo?"

"Kwa hadubini vinafaa. Kwa vinasaba, sidhani."

Alikikunja kitambaa mara nne, akakiweka juu ya kabati, akashuka ngazi. Hajarudi tena.

Nilimfuata chumbani kwake siku ya tatu, nikamwambia nitamweleza Ritha ukweli.

"Ili iweje, shemeji? Baba hana. Unataka na mama asiwe naye? Mwache anichukie mimi."

Nilishukuru, nikaondoka. Naona aibu kuandika kwamba nilishukuru.

Ritha huingizwa kamera utumboni kila mwaka. Juzi aliniuliza kama watoto wake nao waanze wakikua. Jina la Melkiori halitajwi nyumbani kwake. Karatasi hizi ninazoandika nitampa Jumapili baada ya misa. Atajua nani alikiacha kipande kwenye chupa, na bado hatajua anachotaka kujua.