Mchezo wa Bunduki na Zamu ya Dunguni

Mume wangu alikuwa mtunza stoo wa mradi mmoja wa maji hapa Ifakara. Mradi wenyewe ulifungwa zamani, na baadhi ya visima vyake vilikauka kabla haujafungwa. Miaka hiyo alikuwa anachelewa sana kurudi nyumbani. Nikimuuliza, ananijibu, "Nilikuwa namalizia kazi." Nilimwamini, maana alirudi amechoka kweli, macho mekundu, vidole vimekakamaa, hana hamu ya kuongea na mtu. Namwekea maji ya moto. Namchagulia kipande kikubwa cha kambale, kile cha karibu na kichwa. Siku moja alisahau ufunguo wa nyumbani nikampelekea. Nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta ya ofisi, ulimi nje, anaua mashetani.

Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa anamalizia.

Ulikuwa mchezo wa bunduki. Anayecheza hajioni. Anaona mikono tu, na bunduki imetokeza chini ya kioo, kana kwamba kichwa chake kimebandikwa juu ya mabega ya askari fulani. Huyo askari anazunguka kwenye majengo ya giza akitafuta funguo za milango, na kila kona kuna dude lenye meno linamsubiri. Nilimuuliza mume wangu huyo askari katumwa na nani. Hajui. Nikamuuliza mashetani wamekosa nini.

"Mama, si unaona wananishambulia!"

"Wewe ndiye uliyeingia kwao," nikamwambia, nikamwachia ufunguo mezani.

Mradi ulipofungwa, wafadhili walirudi kwao, kompyuta ikaenda mnadani, na mzee akabaki na sifa. Alizitumia hizo sifa miaka mingi. Penye kahawa, penye msiba, hata kwenye foleni ya kukoboa mpunga, alieleza jinsi alivyoumaliza mchezo mgumu kuliko yote, peke yake, mpaka mlango wa mwisho, na kwamba Ifakara nzima hakuna mwingine aliyeweza. Hakuna aliyembishia, kwa sababu Ifakara nzima hakuna mwingine aliyewahi kuuona.

Mwaka jana alitolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alipotolewa bandeji akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe!" Sikumuuliza kumbe nini.

Basi macho yalipopona, mtoto wetu anayefanya kazi Dodoma akaja na kompyuta ndogo ya kukunja, zawadi ya baba yake. Ndani yake kulikuwa na mchezo uleule. Mwanangu akanieleza kwamba ni wa zamani, ila wenyewe wameufanya upya. Nilielewa haraka kuliko alivyotegemea. Karibu na soko yupo fundi anayechukua baiskeli iliyokufa, anaipiga msasa, anaipaka rangi nyekundu, anaivalisha nailoni kwenye bomba, halafu anaiuza kama imeshuka jana kwenye gari. Ukiipanda, mnyororo unakutajia umri wake.

"Kwa hiyo wamewauzia tena kitu mlichokuwa nacho?" nikamuuliza.

"Mama, sasa hivi mchezo una mwanga. Una vivuli."

Vivuli! Watu wazima wananunua vivuli. Nyumba yangu ina kivuli asubuhi upande huu na jioni upande ule, na sijaona mtu akija kupanga mstari.

Mwanangu akarudi Dodoma na mzee akarudi kazini. Asubuhi anakunywa chai, anavaa shati la kola, anakaa mbele ya kile kioo. Shati la kola la nini, sijui, labda mashetani wanataka heshima. Lakini jambo moja nililiona siku ya kwanza: alikuwa anakufa. Anaingia, anatembea hatua chache, anakufa. Anaanza upya, anafika kwenye ukuta fulani wenye majani yanayoning'inia na maji yanayochuruzika, anaugonga kichwa, anageuka kulia, anageuka kushoto, dude linamjia kwa nyuma, anakufa. Yule aliyeumaliza mchezo mpaka mlango wa mwisho, sasa hauoni hata mlango wa kwanza.

Na mpunga wetu kule Mchombe ulikuwa unaanza kutoa masuke.

Hapo lazima nieleze. Masuke yakianza kujaa maziwa, kwelea wanashuka shambani kama vumbi, na usipokuwepo kuanzia kunapokucha unavuna majani. Kwa hiyo tunajenga dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, mtu anapanda juu na kombeo na madonge ya udongo, anavuta kamba zenye makopo, anapiga kelele kutwa nzima. Ndiyo kuamia ndege. Jua lake na mvua zake ni zako, na mbu nao hawaagizwi. Tulikubaliana tangu zamani kwamba tutapokezana, msimu huu mimi, msimu ule yeye. Lakini zamu yake ikifika, mwili wake nao unapata habari. Mara mgongo. Mara macho. Mwaka huu zamu ilikuwa yake, macho yalikuwa mazima, na mgongo ulikuwa unakaa kitini kutwa bila kulalamika. Nilikuwa namngojea tu.

Chumba chetu cha uani amepanga kijana wa bodaboda. Akirudi kula mchana alizoea kusimama nyuma ya kiti cha mzee.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Usinisemeshe, nipo vitani."

Mara tunasikia kile kioo kinaguna, na damu inajaa.

"Daah! Babu kala shaba."

"Hii kompyuta nzito."

"Jana ulisema kiti kifupi, babu."

Siku moja huyo kijana alimwona mzee amekufa pale pale ukutani, tena na tena, akacheka akasema, "Babu, sema ukweli. Zile hadithi za mlango wa mwisho zilikuwa kamba?"

Namjua mume wangu, hapo aliumia. Akasimama, akafunga kifungo cha shati.

"Jumapili baada ya misa uje na wenzako. Nafika mwisho wa steji ya kwanza mbele ya macho yenu. Nikifa mara tatu, niiteni muongo mpaka nazikwa."

Mimi nilikuwa napepeta mchele mlangoni. Nikaweka ungo chini.

"Na ukishindwa," nikasema, "unakwenda Mchombe kukaa dunguni mpaka mpunga ukatwe. Bila mgongo, bila macho."

"Nikishinda?"

"Nakwenda mimi, na sitasema neno."

Kijana akapiga makofi. "Bibi asiseme neno? Babu, kwa dau hilo hata mimi ningeingia vitani!"

Tukapeana mikono, mimi na mzee, kama watu wa siasa.

Wiki ile alifanya mazoezi na hakusogea. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumpangia vyombo vya kwenda navyo. Siku moja alikwenda chooni akaiacha kompyuta wazi. Nyumba yetu iko jirani na mashine ya kukoboa, vumbi la pumba linaingia kila mahali, na mimi siwezi kupita penye vumbi nikaliacha. Nikashika ncha ya khanga nikafuta vitufe. Ghafla picha ikageuka. Majani yakatoweka, maji yakatoweka, moshi ukatoweka. Mashetani wakawa wa vipande vya mraba, kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye hasira. Nikajua nimeua kompyuta ya watu. Kwa hofu nikafuta tena palepale, rangi zote zikarudi. Nikafuta tena, zikaondoka. Kilikuwa kitufe kimoja tu, cha juu pembeni. Wenye mchezo wao wameuacha ule wa zamani ndani ya mpya, kama yule fundi asiyeng'oa kutu, anapaka rangi juu yake.

Na nikaona jambo lingine. Ule ukuta wa majani, katika picha ya zamani haukuwa na majani. Ulikuwa ukuta mtupu wa kijivu, na katikati yake palikuwa na kipande chenye rangi tofauti kidogo. Mlango. Kumbe mzee alikuwa anagonga kichwa kwenye mlango wake mwenyewe, wameuotesha majani.

Nikarudisha picha mpya, nikaenda zangu jikoni. Sikumwambia. Kwelea walikuwa njiani kwenda Mchombe, na mimi sikuwa na haraka ya kuwasalimia.

Jumapili uani palijaa pikipiki. Vijana walivua kofia, wakanipa shikamoo zao zote kwa mpigo, wakakaa mikekani. Mzee alitoka amevaa lile shati lake la kola. Akanyoosha vidole, akaanza.

Alikufa mara ya kwanza akiwa ameinua kichwa. Alitumbukia shimoni.

"Babu alikuwa anaangalia mawingu!"

"Ni mazuri," mzee akasema. "Zamani hayakuwepo."

Mara ya pili alimaliza risasi zote kwenye kichaka. Hakikuwa dude. Kilikuwa kichaka.

"Babu anafyeka shamba!"

"Babu, bado kupanda!"

Mimi mwenyewe nilicheka, siwezi kukataa. Mzee akaanza mara ya tatu. Alikwenda polepole, akaua wawili, akafika kwenye ukuta wa majani. Akaugonga. Akageuka kulia. Akarudi. Jasho lilikuwa limelowesha kola. Vijana wakaacha kucheka. Halafu yule mpangaji wetu akamshika bega, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemwamkia mgonjwa, "Basi babu, pumzika. Umri nao."

Kucheka ningeweza kuvumilia. Lakini nimeishi na mume wangu miaka mingi, kumsema ni kazi yangu, na sijawahi kumwonea huruma hata siku moja. Nikaona na hao vijana hawana ruhusa hiyo. Nikasimama.

"Sogeza mkono, kuna vumbi," nikamwambia, nikapitisha ncha ya khanga.

Picha ikageuka.

"Bibi! Umeharibu gemu!"

Mzee aliinyoosha shingo yake, akatazama ule ukuta wa kijivu.

"Ehee," akasema, kama mtu aliyefika kwake akakuta taa inawaka.

Akasukuma ule ukuta, ukafunguka. Sikuwahi kumwona mume wangu akikimbia hivyo, kwa miguu yake wala ya mtu mwingine. Kona haangalii. Alipiga risasi mahali patupu, na dude likatokea hapohapo, likaipokea, likafa. Aliingia kushoto akachukua ufunguo bila kuutafuta, akarudi nyuma, akaruka shimo. Vijana walikuwa wamesimama, wanapiga kelele, mmoja anapiga paja la mwenzake. Mlango wa mwisho wa steji ulipofunguka, mzee akaondoa mikono kwenye vitufe akaipangusia kwenye suruali.

Kelele zilipotulia, mpangaji akakumbuka kubisha.

"Lakini babu kashinda kwa ya zamani. Hii siyo gemu, haya matofali!"

Wote wakanigeukia mimi.

"Mlango ni uleule?" nikauliza.

"Ni uleule, bibi."

"Mashetani ni walewale?"

"Walewale, ila wabaya zaidi."

"Basi ameshinda."

"Bibi, wewe umegusa kitufe."

"Nimegusa vumbi. Hapa ni kwangu, nafuta ninapotaka."

Kijana akanitazama, akamtazama mzee, akakuna kichwa. "Kwa hiyo anayekwenda Mchombe ni..."

"Nani kakuuliza? Toeni pikipiki uani nifagie."

Wakati wa kula mzee alikaa na sahani yake muda mrefu. "Kile kitufe," akasema, "ulikijua lini?"

"Kitufe gani?"

Akatafuna. Akaniangalia kwa yale macho yake mapya. Sikusema neno, kama nilivyoahidi.

Kesho yake mpangaji alinibeba mimi na furushi langu mpaka stendi, mwendo wa taratibu kama amebeba mayai, na mchana ule nikawa juu ya dungu. Mpunga ulikuwa umesimama vizuri. Kwelea nao walikuwa wameshafika, hawakunisubiri nipumzike. Nikavuta makopo, nikarusha madonge, nikawatukana kwa Kipogoro, lugha ambayo wanaielewa.

Siku ya tatu nikaona bajaji imesimama barabarani, na mtu anashuka na kikapu na mto wa kulalia. Alipita kwenye tuta akiyumbayumba, akafika chini ya dungu.

"Umeme umekatika," akasema.

Sikuuliza kama umekatika Ifakara nzima au kwake tu. Akapanda, kila mti akiusimulia maumivu yake, akakaa nyuma yangu juu ya mto. Alikuwa ameleta samaki wa kukaanga. Nikala kwa mkono mmoja. Yeye akakaa anatazama shamba lote mpaka kule kwenye milima, na nikasahau kwamba yupo.

"Kushoto!" akapiga kelele.

"Nimeona."

"Kundi jingine, juu ya mfereji!"

"Nimeona, mzee."

"Umewakosa."

Nikageuka nikamtia kombeo mkononi. "Shika."

Akasimama. Donge la kwanza lilitoka vibaya, likaanguka kwenye makopo yetu wenyewe, na kwelea waliokuwa mbali wakaruka kwa kelele ile. Akasema hilo ndilo lilikuwa lengo lake. La pili sikuliona lilipokwenda. Nikachota udongo nikamfinyangia la tatu, dogo, la saizi ya kiganja chake, na wakati analiweka kwenye kombeo, kundi likageuka juu ya mfereji na kuanza kushuka upande wa pili.

"Kulia," nikamwambia.

"Nimeona," akasema.